Mwalimu Mkuu na Kadi za Mazimwi

Alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kugusa karatasi. Makarani wengi hufanya hivyo, lakini wao hugusisha ncha ya ulimi tu. Yeye alikiingiza mdomoni mpaka kwenye kifundo, akakitoa kikiwa kinang'aa, ndipo akafungua daftari. Madaftari yote ya shule yetu yalikuwa yamevimba kona. Nilipoletewa yale ya darasa la saba baada ya yeye kuyakagua, nilifunua kurasa kwa ncha ya kalamu, na bado nilikuwa nahisi unyevu.

Simtaji jina. Mafinga nzima ilimwita Mwalimu Mkuu, hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu, na mimi sioni sababu ya kumpa jina leo. Nilipangiwa shule yake katika miaka ya sabini, nikiwa nimetoka kwetu Iyunga na sanduku la bati na sweta mbili ambazo hazikunitosha, maana baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba huingia mpaka kwenye meno. Nilifanya kazi chini yake miaka minne. Katika miaka hiyo nilimheshimu mwaka mmoja na nusu. Iliyobaki nilikuwa namtazama kama mtu anavyotazama chakula baada ya kukuta unywele ndani yake.

Lazima niseme na mazuri yake, kwa sababu yalikuwepo, na ndiyo yaliyonichelewesha kumjua. Sijaona mtu anayefundisha hesabu kama yeye. Aliokota vipande vya mbao kwenye kiwanda cha kupasulia, akavikata nusu, robo na thumuni, akawapa watoto wavipange kwenye nyasi mpaka sehemu ziwaingie vichwani. Mtoto aliyekuwa analia kwa kuogopa kugawanya alitoka pale anacheka. Siku moja msichana wa darasa la tatu alianguka mstarini kwa homa. Mwalimu Mkuu alimfunga mgongoni kwa koti lake mwenyewe, akapanda baiskeli, akaenda naye hospitali mvua ikinyesha. Alikaa naye huko mpaka mtoto alipofumbua macho. Nilimwona akirudi na matope hadi kifuani, na nikajiambia, huyu ndiye mwalimu.

Zawadi za wazazi alikuwa hapokei. Mzazi akileta kuku, anamrudisha naye. "Mimi si mtu wa vitu," alikuwa anasema, na kweli nyumbani kwake kulikuwa na viti vinne, meza, redio na Biblia. Maneno hayo aliyasema mara nyingi kiasi kwamba sisi walimu tulikuwa tunayaigiza tukiwa peke yetu. Tulikuwa tunacheka kwa upendo, wakati huo.

Kisha mashine ikaja.

Mwenye hoteli iliyokuwa karibu na kiwanda cha mbao aliipata kutoka Zambia, ikaletwa na lori chini ya magunia. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Ubavuni ilikuwa imechorwa mazimwi, na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mwenye hoteli alisema ni ya Kijapani, na kibati kilichopigiliwa kwa nyuma kilisema hivyohivyo kwa Kiingereza. Mbele ilikuwa na kioo. Ukitia sarafu, taa iliwaka ndani na mazimwi yakaanza kupita nyuma ya kioo, yamechorwa kwenye mkanda unaozungushwa na mota. Katikati ya kioo palikuwa na duara jekundu. Zimwi likiingia ndani ya duara, unabonyeza kitufe. Ukiwahi au ukichelewa, mashine inakoroma tu na sarafu yako imekwenda. Ukibonyeza sawasawa, inagonga ndani kama mtu anayebisha hodi, na kadi moja ngumu inaanguka kwenye kidirisha cha chini. Mbele ya kadi kuna picha ya zimwi ulilolikamata. Nyuma kuna maandishi yao na namba. Namba zilikuwa arobaini.

Watoto waliyapa mazimwi majina ya kwetu. Palikuwa na Meno Mia, palikuwa na Kaka Lami aliyekuwa mweusi na anayetiririka, palikuwa na Bwana Afya mwenye pua ndefu ya kunusia vyoo vya watu. Aliyetafutwa kuliko wote alikuwa Bibi Ukungu, namba kumi na saba, jeupe, macho matatu, halina miguu. Lilipita mara chache na lilipita mbio. Kwa miezi mingi hakuna aliyelikamata.

Wazazi wengine walinung'unika kwamba ni mambo ya kishetani. Mwalimu Mkuu aliwasikia. Jumatatu moja alisimama mbele ya mstari, mikono nyuma, akatangaza kwamba atakayeonekana na kadi atachapwa viboko vinne na kadi zake zitachomwa moto.

"Hatukupata uhuru ili tuje kuabudu mazimwi ya Wajapani," alisema. Sote walimu tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu.

Viboko vilitembea kweli. Watoto walipekuliwa mifuko, soksi, hata ndani ya madaftari. Kadi ziliingia kwenye kopo la chaki ofisini kwake, na sisi tukawa tunangoja huo moto.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikwenda kuomba chaki. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikausukuma. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinamia meza, na juu ya meza alikuwa amezipanga kadi kwa safu, moja baada ya nyingine. Alikuwa analamba kidole, anaisogeza kadi, analamba, anaisogeza. Hakushtuka hata kidogo.

"Ingia, binti. Funga mlango, upepo utazipeperusha."

Nikafunga.

"Njoo uone. Hii ya nane, hii ya tisa. Wale wenzetu wana utaratibu. Kila zimwi na namba yake." Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtoto aliyeshiba. "Nimebakiwa na kumi na moja tu."

"Mkuu, si tulisema zitachomwa?"

"Zitachomwa," alisema, bila kuinua macho. "Zikishatimia."

Nilichukua chaki nikatoka.

Tangu siku hiyo nilianza kuona mambo ambayo bila shaka yalikuwepo mbele yangu siku zote. Jumamosi mchana alikuwa anakwenda hotelini. Alikuwa anawaambia watoto watoke, ati amekuja kukagua usafi, kisha anafunga mlango. Nilipita siku moja nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa ameikumbatia ile mashine, tumbo limebanwa kwenye bati, shati limelowa mgongoni, na kila alipokosa alikuwa anaipiga kwa nyonga na kutoa sauti ndogo ya kooni. Kukosa ilikuwa ndiyo kawaida yake. Mkono uliokuwa unakata robo na thumuni bila rula haukuweza kubonyeza kitufe kwa wakati. Mwenye hoteli alikuwa amesimama pembeni na kitambaa cha kufutia meza, anatazama dari.

Kwa kuwa hakuweza kuyakamata, akaanza kuyavuna shuleni. Mtoto aliyekutwa na kadi ambayo Mkuu tayari anayo alichapwa vinne. Mwenye kadi mpya alichapwa kimoja, tena cha juujuu. Baadaye aliyeileta mwenyewe ofisini alikuwa hachapwi, na jina lake lilifutwa kwenye orodha ya kwenda shamba. Watoto si wajinga. Mwezi haukuisha kabla hawajaelewa, na waliomjia walikuwa wanagonga mlango kwa adabu, mkono mmoja nyuma. Nilimsikia mtoto wa darasa la nne akimwuliza mwenzake, "Leo utampa nini Mkuu?" kwa sauti ileile ambayo watu wazima huitumia nje ya ofisi fulani fulani. Mtoto wa miaka kumi.

Tabitha alikuwa wa darasa langu, la saba. Baba yake alikuwa anaendesha msumeno mkubwa kiwandani, mama yake alikuwa anapika maandazi, na Tabitha ndiye aliyeyapeleka hotelini kila alasiri. Mwenye hoteli alimpa sarafu ya kucheza mara moja kwa siku badala ya kumpa chai. Sasa, umeme wa hoteli ulikuwa unavutwa kutoka jenereta ya kiwanda. Msumeno ukiuma gogo nene la paini, taa zinafifia, na mazimwi ndani ya kioo yanatembea polepole kwa muda wa pumzi mbili. Watoto wengine hawakuliona hilo. Tabitha alikuwa amekua akisikiliza ule msumeno. Alisimama mbele ya mashine, kichwa amekiinamisha upande, akangoja mlio ubadilike, ndipo akatia sarafu.

Hivyo ndivyo alivyomkamata Bibi Ukungu, mbele ya watu wanane waliokuwa wanakunywa chai. Asubuhi yake shule nzima ilijua. Mwalimu Mkuu alimwita kibarazani nikiwa nimekaa palepale nasahihisha.

"Tabitha, mwanangu. Nasikia unaye Bibi Ukungu."

"Ninaye, Mwalimu."

"Unajua kadi haziruhusiwi shuleni."

"Hayuko shuleni, Mwalimu. Yuko nyumbani."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha taratibu, kizuri kwa kweli. "Basi kamlete nimwone tu."

"Ukimwona utamchukua," Tabitha alisema. Hakusema kwa ujeuri; alisema kama anavyotoa jibu la hesabu. "Nilimkamata mwenyewe, Mwalimu."

Kuanzia siku hiyo Tabitha akawa mchota maji wa bustani ya miche ya shule. Kijito kilikuwa bondeni, na ndoo zilikuwa za bati. Wenzake walikuwa wanapokezana. Yeye alikuwa hapokewi. Alichota muhula mzima. Utosini pakatoka upara wa ukubwa wa sahani ya kikombe, na ngozi yake ikawa na magamba. Kila nilipoandika ubaoni nilikuwa nauona nikigeuka. Na bado katika mitihani ya majaribio alikuwa wa kwanza, hakuna aliyemkaribia.

Wakati huo mtihani wa darasa la saba ulikuwa hautoshi peke yake. Kulikuwa na fomu ya tabia kwa kila mtoto. Mwalimu wa darasa alikuwa anajaza, na Mwalimu Mkuu anaweka maoni na sahihi. Kwa Tabitha niliandika nzuri sana. Nikampelekea fomu zote. Alizisaini moja moja huku akilamba kidole, mpaka alipofika kwenye ya Tabitha akaiweka kando.

"Wewe ni mwalimu wake wa darasa, binti. Anakusikiliza. Nenda kwao ukazungumze naye."

"Nizungumze naye nini, Mkuu?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimeshindwa kujumlisha mbili na mbili. "Mimi nataka mtoto huyu afaulu. Wewe hutaki?"

Nilikwenda. Hapa ndipo ninapojichukia pamoja naye. Nilikwenda siku hiyohiyo alasiri, manyunyu yakinyesha. Baba yake alikuwa amerudi kutoka kazini, unga wa mbao bado uko kwenye nyusi. Alinisalimu "Kamwene, Mwalimu" kwa mikono miwili, akanipa kigoda chake, yeye akabaki amesimama. Mama yake akaniletea viazi vya moto. Walifikiri nimewaletea habari njema kuhusu mtoto wao.

Nilimwita Tabitha nje, chini ya upenu.

"Mpe tu, Tabitha," nilimwambia. "Ni karatasi tu ile."

"Kama ni karatasi tu, yeye anaitakia nini?"

Nikamwambia habari ya fomu. Nilimwambia waziwazi, na nikaona anavyoelewa, na jinsi uso wake ulivyobadilika akinitazama. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu walio upande wake na kuona amebaki mwenyewe. Aliingia ndani akarudi na kadi, ameichomoa kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Naomba kalamu, Mwalimu."

Nilimpa kalamu yangu. Aliiweka kadi juu ya goti, akaandika nyuma yake jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa. Akapuliza wino ukauke.

"Ili ajue ni ya nani," alisema, akanirudishia kalamu na kadi pamoja.

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu Mkuu. Alipoiona picha alifumba macho kidogo, kama anavyofanya mtu akionja asali. Kisha akaigeuza. Tabasamu likaondoka. Alilamba kidole akaanza kusugua jina. Wino ukatapakaa. Akalamba tena kidole kilekile, akasugua, akalamba, mpaka ulimi wake ukawa wa bluu na mate ya bluu yakamjaa kwenye pembe za mdomo. Nilisimama pale mbele yake na hakuona haya.

"Asante, binti," alisema mwishowe. "Nenda darasani."

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, la Tabitha halikuwemo. Walichaguliwa wawili waliokuwa nyuma yake. Baba yake alikuja shuleni akiwa amevaa koti la Jumapili, akasoma orodha kuanzia juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu, akatushukuru walimu, akaondoka. Alitushukuru!

Niliingia ofisini Mwalimu Mkuu akiwa shambani, nikafungua jalada. Nakala ya fomu ilikuwepo. Chini ya maneno yangu alikuwa ameandika: Mkaidi. Hana heshima kwa wakubwa. Sahihi yake ilikuwa nzuri, ya mikunjo.

Nilimngoja mlangoni.

"Alikupa kadi, Mkuu. Kwa nini?"

Alifuta viatu kwenye jiwe, kwanza kimoja, halafu cha pili. "Aliandika jina nyuma," alisema. "Kwa wino."

Nikangoja aendelee. Akaingia ofisini.

Niliandika barua kwa Afisa Elimu, kurasa tatu. Lakini kila barua ya mwalimu ilitakiwa kupitia kwa Mwalimu Mkuu, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano na woga mwingi. Barua ikakaa kwenye sanduku langu la bati mpaka karatasi ikageuka njano. Badala yake niliandika ya kuomba uhamisho kwenda Mbeya. Hiyo aliipitisha siku hiyohiyo, na maoni yake yalikuwa haya: Mwalimu mtiifu sana.

Mashine haikudumu. Siku moja umeme ulizidi, mota ikaungua, na mwenye hoteli akaigeuza kuwa kabati la kuwekea vikombe. Nasikia watoto waliendelea kubadilishana kadi miaka kadhaa, wakizishika kwa uangalifu, hata sura zikafutika.

Nilimwona Mwalimu Mkuu mara ya mwisho Igowole, mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini. Alikuwa amestaafu na kujenga huko. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu wa zamani, na baada ya ibada akanishika bega. Alikuwa amekonda, mvi zimempendeza.

"Binti yangu wa Iyunga! Huwezi kufika Igowole usinywe chai kwangu."

Watu walikuwa wamesimama, wanatabasamu. Nikaenda.

Sebuleni kwake, ukutani, alikuwa ametengenezewa fremu kubwa ya mbao ya paini, imepigwa vanishi. Ndani ya kioo kadi arobaini zilikuwa zimegundishwa kwa safu tano za nane. Palikuwa na wageni wengine wawili, wazee wa kanisa, na inaonekana walikuwa wameonyeshwa mara nyingi maana walianza kuyataja majina ya mazimwi kabla yake.

"Kazi ya miaka," alisema. "Kila moja nimeikamata kwa mkono wangu huu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nilitafuta ya kumi na saba. Alikuwepo, mweupe, macho matatu, na karatasi yake ilikuwa imekunjamana na kuvimba. Rangi ya bluu ilikuwa imepenya kutoka nyuma ikamtia doa kifuani.

"Hii ilikuwa ya Tabitha," nilisema.

"Tabitha yupi?"

"Binti wa mpasua mbao. Wa kwanza darasani. Sasa yuko kwenye vitalu vya miche ya paini, anajaza udongo kwenye vipakiti kutwa nzima. Ana watoto wawili."

Nilimtazama usoni kwa makini. Nilitaka nimwone akijifanya. Ningeweza kulivumilia hilo. Lakini alikuwa anajaribu kukumbuka kwa bidii, uso umekunjamana, macho yanatafuta, na hakumpata.

"Nimefundisha watoto wengi sana, binti," alisema kwa upole. "Kunywa chai, inapoa."

Sikuinywa. Nilisema basi litaniacha. Alisisitiza kunisindikiza mpaka barabarani, na njiani kila tuliyekutana naye alimwamkia. Mama mmoja aliyebeba kuni alishusha mzigo mzima ili apige goti. "Shikamoo Mwalimu," alisema, kisha akanigeukia mimi. "Bila huyu mimi nisingejua hata kuhesabu watoto wangu."

"Marahaba, mama, marahaba," akajibu, na sauti yake ilitetemeka kidogo. Aliguswa kwelikweli.

Basi lilipofika alininyooshea mkono. Yule mama alikuwa bado anatazama, na kondakta, na abiria madirishani. Nikampa mkono wangu. Aliushika kwa viganja vyake viwili, joto, unyevu, akaushikilia muda mrefu, akanitakia baraka.

Mafinga basi lilisimama ili abiria wapate kula. Nilishuka nikamwomba muuza maji kopo moja, nikanawa, nikaomba la pili na kipande cha sabuni, nikanawa mpaka kwenye viwiko.

"Umeshika nini, dada?" aliniuliza.

"Sijashika kitu," nikamwambia.